Gambuti Lililomeza Ndoana

King'ora cha kiwanda cha chai kililia alfajiri kama kila siku, na kabla hakijamaliza pumzi yake Ayoo alikuwa amekwisha kutandika kitanda. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la saba, na asubuhi yake haikubadilika. Kwanza debe la maji kutoka mferejini. Kisha uji. Kisha kumfunga mdogo wake shati, maana huyo mdogo alikuwa na kipaji cha kutia kila kifungo katika tundu lisilo lake. Nje, ukungu ulikuwa umelalia mashamba kama blanketi zito. Wachumaji walipita kwa safu, vikapu mgongoni, magambuti yao ya mpira yakigonga matope kwapu, kwapu, kwapu.

Baba yake, Joab, alikuwa fundi wa mashine humo kiwandani. Yeye na mama walitoka kando ya ziwa, mbali kule magharibi, lakini Ayoo alizaliwa hapa hapa upande wa Boito, katika zahanati ya shamba la chai. Alijua kuchuma majani mawili na chipukizi lake bila hata kutazama. Alijua Kikipsigis cha kutosha kugombana na kupatana. Ziwa lenyewe alikuwa amelitembelea mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo alikuwa bado ananyonya.

Jumatatu hiyo ya mwezi wa Julai, mwaka wa tisini na sita, Mwalimu Chepkosgei alisimama mbele ya gwaride na barua mkononi. Alikuwa akitabasamu, na Mwalimu Chepkosgei hakuwa mtu wa kutabasamu siku ya Jumatatu.

Barua ilitoka katika shule moja ya pwani. Wanafunzi wa huko walikuwa wameitembelea shule hii mwaka uliopita, wakaingizwa katika mashindano ya kuchuma chai. Maskini, walichuma kila kitu kilichokuwa cha kijani. Walichuma majani mazee, vijiti, hata magugu, na karani wa mizani alipomwaga kikapu chao chini, konokono wawili walijiondokea polepole. Darasa zima lilicheka juma zima.

"Mwaka jana mlitucheka mpaka mkashika mbavu," Mwalimu alisoma. "Sasa ni zamu yetu. Mwezi wa Agosti tuleteeni watoto sita, tushindane kuvua samaki kwa chambo kwenye gati letu. Mishipi ya kuvulia tunayo, chambo tunacho. Ndoana mje nazo wenyewe, kumi na mbili tu, mkizichagua kwa akili. Maji yetu yana chumvi na samaki wetu wana meno. Atakayenasa samaki mdogo kuliko kiganja amrudishe majini akiwa hai. Akifa, timu inakatwa alama."

Gwaride lilivunjika bila amri. Bahari! Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Darasa la saba ndilo lililopewa nafasi hizo, na ndani ya darasa palikuwa na kelele kama soko la mnada. Mwalimu alisema watoto watano watatoka kwa kura, ila wa sita, ambaye ndiye kapteni na mchaguzi wa ndoana, lazima awe mtu anayejua uvuvi.

Kipyegon aliinua mkono. Alikuwa mvulana mrefu mwenye maoni juu ya kila jambo, kuanzia hali ya hewa hadi jinsi mwalimu mkuu alivyokunja suruali. "Mwalimu, kapteni si tuko naye hapa? Ayoo ni wa ziwa. Hao huzaliwa wameshika ndoana."

Darasa lilicheka, kisha likapiga makofi. Cheptoo, rafiki yake mkubwa Ayoo, aliyeketi naye dawati moja, alimtikisa bega kwa furaha. Ayoo alihisi masikio yakimwaka moto. Mkono wake ulikuwa haujawahi kugusa ndoana hata siku moja. Samaki aliyemfahamu yeye ni yule mkavu aliyeletwa na mama mmoja mchuuzi kutoka Chepilat, na samaki huyo alifika kwao akiwa amekwisha kukunjwa mara mbili.

"Ni kweli, Ayoo?" Mwalimu aliuliza. "Unajua ndoana?"

Nyuso arobaini zilimgeukia. Kusema hapana kungechukua pumzi moja tu. Lakini aliyaona maji ya buluu yasiyo na mwisho, na gari likiondoka, na yeye amebaki langoni akipunga mkono.

"Najua, Mwalimu," akasema.

Kura ilipigwa kwa kofia ya Mwalimu. Kipyegon alitoka, Cheptoo alitoka, na wengine watatu. Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuwa na safari ya Kericho, mjini, ambako palikuwa na duka lililouza ndoana kwa watu wanaovua mitoni. Alimwambia Ayoo amwandikie namba inayotakiwa, kwa kuwa ndoana, kama alivyosikia, huenda kwa namba.

Ayoo alitafuna kalamu. Alifikiri juu ya viatu. Viatu vyake yeye ni namba tatu, vya baba ni namba tisa, na nyapara wa kiwanda, yule mwenye miguu kama mashua, huvaa kumi na moja. Samaki wa bahari ni wakubwa. Basi akaandika kwa mwandiko mzuri: Ndoana namba kumi na sita, kumi na mbili kwa idadi. Akapiga mstari chini yake ili kuonyesha kwamba hana wasiwasi.

Jumatatu Mwalimu aliweka pakiti ndogo mezani, timu ikazunguka. Zile ndoana zilikuwa ndogo kama kope za mtoto. Cheptoo alijaribu kuokota moja, ikapotea katika mistari ya kiganja chake.

Kipyegon alimtazama kapteni. "Hizi ni za kuvua nini? Siafu?"

Ayoo alisikia mdomo wake ukijibu kabla yeye hajaamua. Alieleza kwamba samaki wa baharini wana miili mikubwa, ndiyo, lakini midomo yao ni midogo sana. Alisema hata kwao ziwani wazee hutumia hizo hizo. Wengine walitikisa kichwa wakakubali. Kipyegon hakutikisa. Alichukua ndoana moja, akaitumbukiza katika chupa ya soda yenye maji na vijiko vitatu vya chumvi, akaiweka dirishani mwa jiko la shule. Somo la sayansi lilikuwa limewafundisha kujaribu mambo, akasema, naye anataka kuona.

Kesho yake ndoana ilikuwa imeota madoa ya kahawia. Siku ya tatu maji yaligeuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Siku ya nne Kipyegon aliitoa, akaibana kwa vidole viwili, nayo ikavunjika bila hata sauti. Alirudisha vipande ndani ya chupa, akamtazama Ayoo, akaenda zake kucheza mpira. Ayoo angependelea amtukane.

Siku hiyo, wakati wa chakula cha jioni, alimuuliza baba yake kama anajua ndoana zipi zinafaa baharini.

"Sijui, mama," Joab akasema, kama alivyozoea kumwita binti yake, akakata tonge lingine la ugali.

Ayoo alisubiri, lakini hilo ndilo lilikuwa jibu zima. Baba aliendelea kula. Hakuona haya, hakukohoa, hakutafuta maneno ya kuziba. Alipoona binti yake bado anamkodolea macho, aliongeza kwamba yeye aliondoka ziwani akiwa mdogo kuliko Ayoo, na kwamba akiletewa mashine iliyokwama atasema inaumwa wapi kwa kuisikiliza tu, lakini mambo ya ndoana Ayoo amuulize anayejua. Kisha akaomba aongezewe mboga.

Ayoo alilala akiifikiria ile "sijui" ya baba. Ilikuwa imetoka nyepesi, kama mtu anayepisha mwenzake mlangoni. Yake yeye ilikuwa imemkaa kooni siku kumi na moja.

Asubuhi alifika shuleni mapema kuteka maji ya jikoni, kwa maana ilikuwa zamu yake. Mama Winny alikuwa amefika na punda wake, makopo mawili ya maziwa yakining'inia ubavuni mwa mnyama. Jina lake hasa lilikuwa Tecla, lakini shule nzima ilimwita kwa jina la mtoto wake. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye ng'ombe watatu na ekari moja ya chai. Watu walimjua pia kwa jambo lingine: Kiswahili chake kilikuwa na Mombasa ndani yake. Mume wake, Isaiah, alikuwa mwanamaji jeshini huko Mtongwe kabla ya kustaafu na kurudi kufuga.

Mama Winny alikuwa ameishika ile chupa, akiitazama dhidi ya mwanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nani anataka kwenda baharini na hii?" akauliza. "Hii ni ya visamaki vya mtoni. Samaki wa baharini kama changu akiiona ataitema kama mbegu ya limau. Tena haikupakwa chochote cha kuzuia kutu. Nani amewachagulia?"

Hapakuwa na mtu mwingine hapo. Ayoo angeweza kumtaja mwenye duka. Mwenye duka alikuwa mbali Kericho, hasikii. Alifungua mdomo akiwa hana hakika nini kitatoka.

"Ni mimi, Mama Winny. Mimi ndiye kapteni. Na sijui kuvua. Sijawahi kuvua hata mara moja."

Tecla aliweka chupa chini. Kicheko kilimtoka polepole, lakini hakukasirika. Alimuuliza kwa nini basi alisema anajua, na Ayoo akamweleza yote, makofi, maji ya buluu, viatu vya nyapara, midomo midogo ya samaki, hadi kamasi zikaanza kumtoka.

"Mtoto wa Joab, nisikilize," Tecla akasema, akimpangusa kwa ncha ya leso. "Mimi ni mwana wa Kipsigis, kwetu tulijua maziwa tu. Nilipofika Mtongwe niliiogopa hata harufu ya samaki. Lakini nilikaa huko miaka tisa, na jirani yangu alinifundisha kuvua pale kwenye mawe, na watoto wangu wakala. Ndoana nazijua. Ninazo hata leo, kopo zima. Nitawafundisha. Ila sifundishi mtu kwa kujificha. Nenda kwanza ukawaambie wenzako uliyoniambia mimi."

"Wataninyang'anya nafasi."

"Huenda," akasema Tecla. Hakumdanganya.

Baada ya kengele ya kwanza Ayoo alisimama mbele ya darasa bila kuitwa. Alisema kwa sauti ndogo, Mwalimu akamwomba arudie, akarudia kwa sauti kubwa. Alisema hajui kuvua, hakujua hata siku ile, na zile ndoana alizichagua kwa kufikiria viatu, ila Mama Winny anajua na yuko tayari kuwafundisha. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaona wengine hawacheki, akaacha. Cheptoo alikuwa ameinamisha kichwa juu ya dawati. Hilo ndilo lililomuuma Ayoo kuliko yote.

Mwalimu Chepkosgei aliweka chaki mezani. Kisha alisema kwamba walioingia kwa kura watabaki, na Cheptoo sasa ndiye kapteni. Nafasi ya Ayoo ilitokana na neno ambalo halikuwa kweli, kwa hiyo si yake tena. Mama Winny angefundisha darasa zima kwa siku nne kuanzia Jumatatu, na Ijumaa kungekuwa na mtihani. Atakayeshinda ndiye atakayekuwa wa sita.

"Hata mimi naweza kujaribu, Mwalimu?" Ayoo aliuliza.

"Hata wewe. Lakini utaanzia pale pale wanapoanzia wenzako."

Kutoka nyuma Kipyegon alisema polepole kwamba, kwa kweli, ni yeye aliyeanza ile habari ya kuzaliwa na ndoana mkononi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Jumatatu, masomo yalipokwisha, Tecla aliwakalisha kwenye nyasi nyuma ya jiko, akatandika gunia tupu. Alifungua kopo. Ndani, katika mafuta ya kujipaka yaliyoganda, mlikuwa na ndoana za kila sura, zikimeta kana kwamba ziliwekwa jana. Watoto walisogea mpaka vichwa vikagongana.

Alianza na namba, akimtazama Ayoo kwa jicho la utani. Namba za ndoana si za viatu, alisema. Ni kama nafasi za darasani: namba moja ndiye mkubwa, na kadiri unavyoteremka, kumi, kumi na tano, kumi na sita, ndivyo unavyozidi kuwa mdogo. Wote waliangua kicheko, Ayoo akiwa wa kwanza. Kwa wale wakubwa kuliko namba moja, akaendelea, wenye viwanda huandika namba na sufuri pembeni, na hapo tena namba kubwa ni ndoana kubwa. Kwa changu wa gatini, namba moja au ile ya moja na sufuri ingetosha. Kwa tewa, samaki mwenye mdomo kama mfuko, wangepanda kidogo.

Kisha aliwaonyesha sura. Hii iliyonyooka na kupinda mwishoni, ambayo kila mtu huichora akiambiwa achore ndoana, inataka mvuvi mwepesi: samaki akigusa tu, unavuta kwa ghafla. Hii yenye vijimiba viwili mgongoni ni ya chambo laini, kamba wa baharini au vipande vya ngisi, kwa sababu miba hiyo hukizuia kisiteleze. Hii yenye shingo ndefu ni ya samaki mwenye meno, ili aume chuma badala ya kuuma mshipi. Na zote ziwe zimepakwa madini ya kuzuia kutu, maana chumvi haina huruma.

Mwisho alitoa moja ya ajabu. Ilikuwa ya mviringo, ncha yake imegeuka ndani kuelekea shingo, kama pembe ya ng'ombe iliyokua vibaya.

"Hii imeharibika," Kipyegon akasema.

"Vua gambuti lako," Tecla akamjibu.

Kipyegon alikuwa amekuja na magambuti ya kaka yake kwa sababu ya matope. Alilivua moja, soksi yenye tundu ikaonekana, watu wakacheka. Tecla alifunga ndoana ya kawaida kwenye uzi, akaitumbukiza ndani kabisa ya gambuti, akavuta. Ndoana ilijichoma chini kule vidoleni, ikakataa kutoka. Ilibidi aingize mkono mpaka kwenye kiwiko, akihangaika, akiguna.

"Huyu ni samaki aliyemeza," akasema. "Ndoana iko tumboni. Hata ukimrudisha majini, atakufa, na alama zenu zitakwenda naye."

Sasa akafunga ile ya mviringo. Akaitumbukiza kule kule chini, akavuta polepole, bila kuishtua. Ndoana ilipanda ikiteleza, haikushika popote, haikushika, haikushika, na ilipofika kwenye ukingo wa juu ikageuka yenyewe, kwap, ikanasa pale pale pembeni mwa mdomo wa gambuti. Watoto walipiga kelele hadi punda akainua masikio.

Kila mmoja alitaka kujaribu. Na hapo ndipo ugumu ulipoonekana. Mtu akivuta kwa nguvu, ndoana hiyo iliruka nje bila kunasa kitu. Ilitaka mkono uliotulia. Cheptoo aliweza mara ya tatu. Kipyegon alishindwa mara tisa, akalilaumu gambuti lake mwenyewe.

Ayoo alishindwa pia. Siku hiyo alirudi nyumbani akaomba gambuti la mama yake, akafanya mazoezi mlangoni mpaka giza lilipoingia, mdogo wake akiwa ndiye samaki anayetikisa gambuti na kutoa sauti ambazo samaki hawana. Jumanne alifanya tena. Alijifunza kufunga fundo kwenye tundu la ndoana, kulilowesha kwa mate kabla ya kulikaza. Alipokuwa hajui, aliuliza. Mara ya kwanza neno lilimkwaruza. Kufikia Alhamisi alikuwa akisema "hapo sijaelewa" mara nyingi kiasi kwamba Tecla alimwita Bi Sijaelewa, na Cheptoo, aliyekuwa bado amenuna kidogo, alijisahau akacheka, wakapatana.

Ijumaa watoto kumi walijaribu mtihani. Walifunga mafundo, wakataja sura, wakachagua ndoana kulingana na chambo. Mmoja mmoja walianguka, mpaka wakabaki wawili: Ayoo na Maxine, msichana mwerevu ambaye baba yake alikuwa karani wa mizani. Maxine hakuwa amekosea hata swali moja. Wala Ayoo.

Tecla aliwaza kidogo. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kwa punda. "Swali la mwisho. Papa, mrefu kama huyo punda wangu. Mko na mshipi wa mkono. Nichagulieni ndoana."

Maxine hakusita. Aliokota ndoana nene kuliko zote, akaeleza kwamba papa ana meno na nguvu, kwa hiyo anataka chuma kinene chenye shingo ndefu. Lilisikika kama jibu zuri sana. Darasa likamgeukia Ayoo.

Ayoo alizitazama ndoana zote kwenye gunia, moja baada ya nyingine. Angeweza kuchukua ile ile. Angalau wangekuwa sawa. Bahari ilikuwa mbele yake, umbali wa mkono mmoja, na ilimbidi ainue kitu tu, chochote, aseme kwa kujiamini. Alikwisha kufanya hivyo siku moja, na alijua ladha yake.

"Sijui," akasema. "Hukutufundisha papa, Mama Winny. Nikichagua nitakuwa nabahatisha."

Tecla alimwangalia Mwalimu, Mwalimu akamwangalia Tecla.

"Hata mimi sijui," Tecla akasema. "Miaka tisa sikuwahi kumvua papa. Na kwa mshipi wa mkono, mtoto akimshika papa mkubwa kama punda, papa ndiye atakayekuwa amemvua mtoto. Nilitaka kuona nani ataniambia ukweli juu ya kile asichokijua. Huyo ndiye ninayeweza kumwacha kwenye ukingo wa maji."

Maxine alilia, na hakumsemesha Ayoo hadi Jumapili baada ya kanisa, alipomletea kofia yake ya jua kimyakimya na kumwambia airudishe bila chumvi.

Kutoka katika kopo walichagua ndoana kumi na mbili: nne zenye vijimiba, mbili za shingo ndefu, na sita za mviringo. Katika wiki ya pili ya Agosti waliondoka, na kila kitu walichokiona kuanzia Nakuru kushuka walikipigia kelele.

Wenyeji waliwapokea kwa madafu na kicheko. Walipoziona zile ndoana za mviringo, kicheko kilizidi. Mvulana mmoja aliuliza kama ndoana za milimani hupinda kwa sababu ya baridi. Cheptoo, kapteni, alimjibu kwamba angoje.

Ayoo aliketi ukingoni mwa gati, mshipi kidoleni, maji yakicheza kijani chini ya miguu yake. Alingoja hadi shingo ikamuuma. Ghafla kidole kikavutwa. Mwili wake wote ulitaka kuruka na kuvuta kwa nguvu zote za mchuma chai. Akaliona gambuti. Akaukaza mshipi taratibu, akauleta, akauleta, na kitu kule chini kikageuka kizito, hai, kikipigana. Lilipanda umbo la fedha lenye wekundu wa waridi ubavuni. Changu, mkubwa kuliko viganja viwili, ndoana imekaa safi pembeni mwa mdomo.

Waliendelea hivyo asubuhi nzima. Wenyeji waliwazidi kwa samaki watano. Lakini wenyeji walipoteza alama kwa wadogo waliomeza ndoana wakafa, na watoto wa chai hawakupoteza hata alama moja. Kila mdogo alirudi majini akipiga mkia. Hesabu ilipomalizika, wenyeji walikuwa mbele kwa alama moja tu. Hakuna aliyecheka tena. Yule mvulana wa baridi alimwomba Ayoo amwonyeshe jinsi ya kuvuta, naye akavua kiatu chake mwenyewe.

Siku Ayoo aliporudi kutoka pwani, Joab alimkuta binti yake mlangoni akiwa na gambuti, uzi na ndoana moja aliyopewa na Tecla iwe yake.

"Kwa hiyo sasa wewe ni mvuvi," akasema.

"Kidogo, Baba. Mengi bado sijui."

Joab aliketi chini kando yake, nguo za kazi zikinuka majani makavu. Alimweleza kwamba siku yake ya kwanza kiwandani msimamizi aliwauliza vijana wanane nani anajua mashine ya kukaushia chai. Saba walisema wanajua. Yeye alisema hajui. Wale saba walipewa kazi siku hiyo hiyo, na kabla ya juma kwisha chai ilikuwa imeungua mara mbili, wakahamishwa kubeba magunia. Yeye alikabidhiwa kwa fundi mkuu afundishwe.

"Ufundi wangu wote ulianzia kwenye ile sijui," akasema. "Anayejifanya anajua hujifungia mlango yeye mwenyewe, mama, na kila uongo anaoongeza ni kufuli nyingine. Anayesema sijui hupata mtu wa kumfungulia. Ulichelewa kulisema neno hilo, likakugharimu, lakini ulilisema mbele ya watu. Nimefurahi kuliko kama ungeniletea kikombe."

Kisha akavuta gambuti karibu, akalichungulia ndani kwa mashaka.

"Haya," akasema. "Mimi mtu wa ziwa sijui kutumia kitu hiki. Nifundishe."

Ayoo akaitumbukiza ndoana mpaka chini, akamwekea baba uzi mkononi. "Polepole," akamwambia. Joab akavuta kwa vidole vyake vinene vya fundi, pumzi ameibana, na pale kwenye ukingo, kwap, gambuti likanaswa mdomo.